Kinya Alivyofungua Ua wa Kayaba

Kuna watu hapa Isiolo wakisikia mipango ya mji wanaanza kupiga miayo. Wanadhani ni mambo ya wenye tai na mafaili. Pigeni miayo, ni sawa. Mimi leo nataka kushukuru mtu, na huyo mtu siwezi kumshukuru bila kutaja ramani, kwa hivyo vumilieni.

Anaitwa Kinya. Ni Mmeru, mjane, anauza miraa karibu na steji, chini ya ule mwavuli wa kijani uliopasuka. Kama unakaa Bula Kokoto, na mtoto wako anaenda nasari kwa miguu bila kukanyagwa na ndama, na maji unachota kwa kioski hayanuki mkojo wa mbuzi, unafurahia kitu huyu mama alifanya. Wengi wenu hamjui. Mnampita kila jioni, mnasumbuana na yeye juu ya kibunda, halafu mnaenda zenu.

Wacha niwaambie.

Kinya alikuja Isiolo ile miaka ya kwanza ya kaunti, wakati kila mtu alikuwa anasema ploti za hapa zitapanda kama moto. Lakini yeye hakufuata bei. Alikuwa anakimbia. Huko juu Tigania bwanake alikufa, na kabla udongo wa kaburi ukauke, mashemeji walianza kumwambia arudi kwao. Akakataa. Shamba la bwanake lilikuwa upande wa barabara, halina ua, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kesho. Ua nitaweka kesho, alikuwa akisema. Basi asubuhi moja mashemeji wakafungulia ng'ombe zao zikaingia kwa maharagwe ya Kinya. Wakasimama pale na fimbo wanaangalia zikila. Kesho yake tena. Hawakumpiga, hawakumtukana. Ng'ombe ndiyo ilimfukuza. Maharagwe yakaisha, mahindi yakaisha, akafunga vitu akashuka.

Hiyo habari hakuambia mtu hapa kwa muda mrefu sana. Sisi tulikuwa tunamjua kama yule mama mkali wa miraa, basi.

Bula Kokoto wakati huo ilikuwa mawe na miiba, upande wa kuelekea Leparua. Chama cha akina mama kilinunua kipande kikagawana ploti, na kila mmoja akapewa karatasi ya chama yenye muhuri. Ploti ya Kinya ilikuwa ya mwisho, pembeni. Mbele yake kulikuwa na uwanja mrefu, mpana, mweupe, hauna hata nyasi. Samadi kidogo hapa na pale. Hauna nyumba, hauna ua, hauna mtu.

Sasa hebu fikiria wewe ni mtu wa milimani. Umezaliwa mahali ambapo mtu akiacha kipande bila kupanda kitu, jirani anasogeza mpaka akiwa amelala. Huko ardhi iliyo wazi ni ardhi imetupwa. Unaona uwanja mkubwa namna ile mbele ya ploti yako, hakuna mtu anasema ni wake. Utafanya nini?

Kinya alipanda kayaba. Kabla hata ya kujenga nyumba. Alilala kwa chumba cha kukodi mjini na miche ikalala kwa ploti. Kama hujui kayaba, ni ule mti wa ua wenye miiba mirefu kama sindano ya magunia, ukishikana hata paka anauliza njia. Alizungusha ploti yake, na akachukua na ule uwanja wa mbele, akaufunga kutoka upande huu mpaka ule. Hakuficha. Alipanda mchana, watu wakipita. Alinyweshea ile miche na maji ya kuosha vyombo, na ya kuoga, na ya kufua. Mtu akimwaga maji kwa mtaa, Kinya anakohoa mpaka huyo mtu anaona aibu na kumletea yale yamebaki.

Wafugaji walikuja na mifugo yao, wakakuta miche. Wakaangalia. Wakazunguka. Hakuna mtu alisema kitu.

Kinya akasema moyoni, basi, wamekubali.

Miaka ikapita, kayaba ikawa ukuta. Ndani yake Kinya alikuwa na sukuma wiki, spinachi, nyanya, na mapapai. Ilikuwa sehemu ya kijani peke yake Bula Kokoto nzima. Alisema mara nyingi kwamba hajawahi kulala usingizi kama ule wa ndani ya kayaba.

Na nje ya kayaba mtaa ulikuwa unaharibika.

Mifugo ya kutoka upande wa Leparua bado ilikuwa lazima ifike soko la mifugo, na maji. Sasa ilikuwa inapita katikati ya nyumba. Ng'ombe, mbuzi, siku zingine ngamia, wote kwa ile njia nyembamba ya nasari na kioski cha maji. Vumbi ilikuwa inaingia mpaka kwa sufuria iliyofunikwa. Mbuzi walikojoa pale watu wanapanga mitungi. Nzi walijaa, watoto wakawa na macho mekundu, na kuhara kwa watoto wadogo kukawa kitu cha kawaida, mpaka nesi wa zahanati alikuwa akiona mama wa Bula Kokoto kwa mlango anajua shida kabla aketi. Mtoto mmoja alikanyagwa mguu na fahali hapo nje ya geti la nasari. Watu walianza kugombana kwa kabila, wafugaji na wakulima, nyinyi na sisi, zile takataka mnazijua.

Na mtu wa kulalamika kuliko wote alikuwa nani? Kinya.

Ndiyo ikaja ile siku ya mkutano. Kaunti ilikuwa inatengeneza mpango wa mji, na sheria inasema wananchi waulizwe. Tulikaa kwa viti vya plastiki kwa uwanja wa nasari. Afisa aliyetumwa alikuwa msichana mmoja anaitwa Ivy, mtu wa Nyeri, viatu vimejaa vumbi tayari. Akaeleza kwamba mji unataka kugawanywa kwa matumizi: hapa makazi, hapa gereji na wachomeleaji, hapa soko, hapa machinjio mbali na watu, hapa pa watoto kucheza. Akauliza shida yetu kubwa ni gani.

Kinya akasimama kabla swali liishe.

"Madam, mimi sina maneno mingi. Hawa ng'ombe watolewe. Hii ni mtaa ya watu, si zizi. Juzi nimejaza mtungi, kabla sijafunga, mbuzi imeshaweka mdomo. Kaunti mko wapi?"

Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa, sauti ikasema, "Na wewe Kinya, unataka wapite wapi? Wapande ndege?"

Alikuwa Dokata. Dokata ni Mborana, anauza maziwa kwa mitungi ya plastiki ile ya njano, nyumba yake iko ng'ambo ya ua wa Kinya. Ndugu zake ndio wenye hizo ng'ombe. Watu wakacheka.

"Wapite pale walikuwa wanapita zamani," Kinya akasema.

"Zamani ilikuwa wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni ng'ombe?"

"Basi nikuambie. Ni kwa sukuma yako."

Kicheko kikakatika. Kinya alibaki amesimama na mkono hewani, kama mtu amesahau alikuwa anaelekea kuonyesha nini.

Ivy alifungua picha kubwa iliyopigwa na ndege kutoka juu, ya kabla mtaa ujengwe, akaitandaza juu ya meza na kuweka mawe kwa pembe upepo usiibebe. Tukasongea. Uliona mstari mweupe, mpana, kutoka Leparua mpaka sokoni, umechimbwa na kwato za miaka na miaka. Ulikuwa unakuja vizuri, unafika mahali, hapo ndiyo kayaba ya Kinya ilisimama sasa.

"Kwetu hii tunaita karaa ya hori," Dokata akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Njia ya mifugo. Hii haina mwenyewe, ni ya kila mtu."

"Kwa nini hamkuniambia?" Kinya akamgeukia. "Miaka hii yote unaniuzia maziwa!"

"Tulikuwa tunangoja utoe."

"Nitoe nini?"

"Ua. Kwetu ua ni miiba ya kukata. Unaweka, ukimaliza unatoa. Tulisema huyu mama ni mgeni, ameweka, mvua ikija atatoa. Mvua ikaja. Tukasema atatoa kiangazi."

"Dokata. Kayaba haitolewi. Kayaba unapanda, unakufa unaiacha."

"Sasa hiyo nani alituambia?"

Yaani miaka yote hiyo, huyu anangoja, huyu anadhani amekubaliwa, na maziwa yanapita kati yao kila asubuhi. Ukinieleza shida ya mji wetu ni umaskini nitakuambia shida ingine ni hii.

Ivy akasema mambo wazi, na kwa hiyo namshukuru, kwa sababu maofisa wengi wangezunguka. Alisema mpango wa Bula Kokoto hauwezi kupita kama njia ya mifugo imefungwa. Na mpango usipopita, hakuna ploti hata moja ya mtaa huu itatambuliwa na serikali. Ile karatasi ya chama ni ya chama tu. Mtu mwenye nguvu akija kesho, haitamzuia.

Kila mtu akamwangalia Kinya. Yeye akachukua leso yake, akajifunga, akaenda nyumbani.

Sasa hapo ndipo Gitobu akaingia. Gitobu ni muuza miraa mwenzake, mwavuli wake uko kando ya wa Kinya, na pia ni dalali wa ploti akipata nafasi. Mtu wa utani mingi. Kesho yake alimkuta Kinya anapanga vibunda, uso umefungwa kama duka siku ya mazishi.

"Mwari wa kwetu, muga," akamsalimia Kimeru. " Nasikia unataka kupatia ng'ombe barabara."

"Sijasema hivyo."

"Usiseme. Ukifungua hiyo kitu, wiki haiishi kabla mkubwa fulani aweke mabati hapo aandike jina lake. Ng'ombe hatapita, na wewe hutakuwa na sukuma. Mimi najua hawa watu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa utakuwa na kayaba. Watu watakununia, lakini kuna mtu amekufa kwa kununiwa?"

Gitobu hakuwa anasema ujinga. Nyinyi wote mnajua uwanja ngapi za watoto hapa mjini ziliamka siku moja ziko na geti. Kwa hivyo Kinya alikuwa amekwama hivi: akifungua, anaweza kupoteza kile kipande bure, na ng'ombe zinarudi mlangoni kwake. Asipofungua, hata ile ploti yake ya haki haitatambuliwa, na ya majirani pia. Pande zote mbili aliona kitu kimoja tu, kufukuzwa mara ya pili.

Majirani walimnunia kweli. Kwa kioski watu walinyamaza akifika. Mama mmoja wa chama alimwambia usoni, "Wewe unakula sukuma, sisi tunakula kinyesi." Kinya alinyanyua mtungi wake akaenda.

Aliyemfuata nyumbani ni Dokata. Alipiga hodi nje ya kayaba, kwa kale kageti kadogo ka mabati.

"Salaam aleikum huko ndani."

"Habari yako. Kama umetumwa, rudi."

"Nimeleta maziwa. Hukulipa jana, hulipi leo, nani atanituma kwako?"

Kinya akafungua. Waliketi kando ya sukuma, chai ikapikwa. Dokata aliangalia ile kijani yote akasema ukweli, kwamba tangu azaliwe hajakaa mahali kama pale. Aligusa jani la papai. Halafu akauliza, kwa upole, jambo ambalo mkutano mzima haukuuliza.

"Kinya, unaogopa nini hasa? Sukuma unaweza kupanda upande wa nyuma. Si sukuma."

Kinya aling'oa magugu karibu na mguu wake mpaka chai ikaweka utando. Ndipo akamwambia. Maharagwe. Mashemeji na fimbo. Ng'ombe zikitafuna polepole na mtu anaangalia. Alisema hata leo akisikia kengele ya ng'ombe asubuhi, anatoka kwanza kuangalia kama geti imefungwa.

Dokata alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao walileta ng'ombe kukufukuza," akasema. "Sisi zetu zinaenda kwa maji, hazijui hata jina lako. Lakini kama ningekuwa wewe, mimi pia ningepanda hiyo miiba."

"Ungepanda?"

"Ningepanda mpaka kwa paa."

Wakacheka wote wawili. Na Kinya ndiye aliyesema, akiwa bado anapangusa macho, "Lakini si lazima ikae kukata njia. Inaweza kukaa kando. Huku na huku, njia inabaki katikati. Ng'ombe zipite, na zisiingie kwa mtu."

Dokata akafikiria. "Ndugu zangu watapenda hiyo. Mbuzi hawatapotea kwa manyumba. Wale vijana wanachoka kuwatoa kwa jikoni za watu."

Hiyo ndiyo ilifanya Bula Kokoto ipone, kwa chai na wanawake wawili.

Kinya alienda kwa ofisi ya Ivy mwenyewe, amevaa nguo ya kanisa. Masharti yake alikuwa ameyapika njiani.

"Mimi nitakata. Lakini kwanza unaandika kwa ramani kwamba hiyo ni njia ya mifugo, si uwanja wazi. Nimeona uwanja wazi zinapotelea wapi. Pili, mawe ya mpaka yawekwe pande zote mbili, ya kwangu na ya wengine, kabla panga yangu iguse mti. Nikikata kabla ya mawe, mimi ni mjinga."

Ivy akamwambia kwa kawaida mawe huja mwisho.

"Kawaida yenu ndiyo ilituleta hapa, mwanangu."

Ivy akacheka, akaenda kuongea na mkubwa wake. Haikuwa rahisi, alizungushwa, lakini hakuacha. Saveya, yule mpima ardhi, akaja. Kila mwenye ploti kando ya ile njia aliitwa, akasimama pale jiwe lake linaingia ardhini, na majirani wakishuhudia. Wazee wa wafugaji walikuja pia, wakatembea njia yote na saveya, wakionyesha mahali ngamia hugeuka, kwa sababu ngamia akibeba mzigo anataka nafasi. Njia ikapanuliwa hapo. Kama hawangeulizwa, pale leo pangekuwa na kona ya kuvunja ukuta wa mtu kila wiki.

Siku ya kukata, Kinya hakukubali mtu aanze. Alichukua panga akakata shina la kwanza mwenyewe. Halafu akasema, "Haya, mnangoja nini, chakula?" Watu wakaingia. Ndugu za Dokata waliburuta yale matawi yenye miiba wakaenda kujengea zizi la ndama, wakasema hawajawahi kupewa miiba mizuri hivyo. Sukuma na nyanya za kile kipande Kinya aligawia mtaa wote, hata yule mama wa chama aliyemtusi alibeba fungu lake na akashindwa kuangalia juu.

Ng'ombe za kwanza zilipita asubuhi iliyofuata. Dokata alikuja kukaa na Kinya mlangoni. Kengele zilisikika mbali, zikakaribia. Kinya alishika mkono wa Dokata akaukaza. Zikapita. Hata moja haikugeuza kichwa.

Baadaye Kinya aliotesha miche ya kayaba kwa makopo ya mafuta ya kupikia na kugawia kila mwenye ploti kando ya njia. Yeye mwenyewe alipita kuonyesha namna ya kupanda, akitukana wale wanachimba shimo fupi. Mtu wa Kiborana akipanda kayaba, Kinya alimwuliza kwanza, "Unajua hii haitolewi?"

Leo ukikuja Bula Kokoto, utaona. Njia ya mifugo ina kijani huku na huku, na vumbi inashikwa na majani badala ya mapafu. Kioski kiko pakavu. Wachomeleaji walihamishwa upande wao, walilia sana na sasa wana wateja kuliko mwanzo kwa sababu watu wanajua mahali pa kuwapata. Watoto wana uwanja wao na umeandikwa kwa ramani. Nesi wa zahanati aliniambia akina mama wa Bula Kokoto sasa wanakuja kwa kliniki ya chanjo wakiwa wamependeza, yeye alikuwa ametuzoea tukiwa na sura ya msiba. Sisemi mtaa umekuwa peponi. Taka bado inachomwa ovyo na mtaro wa mvua umesimama nusu. Nitaandika juu ya hiyo na mtakasirika. Lakini mtu akiniambia tena mpango wa mji ni karatasi ya wasomi, nitamleta hapa asimame kwa njia asubuhi.

Asante Ivy, uliyekubali kuharibu kawaida. Asante Dokata, uliyeuliza swali na maziwa mkononi. Na asante sana wewe Kinya. Ulikuwa umekosea, sote tulikuwa tumekosea, na ni wewe uliyelipia kwa mikono yako.

Juzi nilikuwa kwake nikinunua nyanya, Gitobu akaja na mgeni. Mtu wa Nairobi, gari safi, miwani ya jua. Alitaka ploti ya kujenga nyumba za kukodisha, na karatasi za Kinya sasa ziko sawa, jina lake liko kwa ofisi ya ardhi. Mgeni alisimama mlangoni akaangalia ile njia pana, macho yake yakaipenda.

"Mama, hii ya mbele inakuja pamoja na ploti?"

Gitobu akakonyeza Kinya. Nilimwona. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, na mgeni angeongeza bei.

"Hiyo si yangu," Kinya akasema.

"Ni ya nani?"

"Ni ya ng'ombe."

Mgeni akacheka, akidhani ni utani. Kinya hakucheka. Alitoka nje na kikapu cha nyanya bado mkononi, akatembea mpaka pembe ya ploti, akasukuma majani ya kayaba na mguu. Jiwe la mpaka likaonekana.

"Yangu inaishia hapa," akasema. "Kutoka hapa kuja huku ni ya Kinya, hakuna mtu duniani ananitoa. Na siuzi."

Gitobu akaanza kusema kitu, Kinya akamwekea nyanya mkononi akamwambia akule anyamaze. Kisha akarudi kunipimia zangu.